Mpangaji Aliyepokelewa kwa Matari

Naanza na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa wengine imetiwa chumvi, maana chumvi inayo ya kutosha. Mimi, Mbae, niliyeingia Mahajanga, huku Madagaska, miguu mitupu, nikavuta pus-pus mpaka nikawa mwenye pus-pus, mtu ambaye hakuna aliyewahi kunipunja hesabu akafanikiwa, nilisimama mchana kweupe mbele ya nyumba yangu mwenyewe kule Mangarivotra, wanawake wa mitaa mitatu wananitazama, nikatamka maneno matatu ambayo hadi leo nikipita Tanambao watu wazima na ndevu zao wananirushia kutoka barazani: "Mzee Mbae, na kodi je?" Nami nanyanyua fimbo, nawapungia, naendelea na njia yangu. Kukasirika kunachosha, na magoti yangu yananichosha vya kutosha.

(Maneno yenyewe niliyasema kwa Kikomoro, maana ndicho tunachosema nyumbani, sokoni tunasema Kimalagasi, na maofisini tunababaisha Kifaransa. Kiswahili hiki nilikiokota Unguja nilipokuwa kijana naangalia duka la mtu, na ni ninyi jamaa zangu wa huko mlioniomba niandike mkasa huu, basi makosa yangu myabebe wenyewe. Mimi chuo nilisoma cha Kurani, na hicho nacho nilikitoroka mapema.)

Pus-pus, kwa asiyeijua, ni kigari cha magurudumu mawili, mbele mtu anavuta anatoka jasho, nyuma mtu kakaa kama sultani. Nilianza mbele. Nilivuta mpaka nikanunua ya kwangu, halafu nikanunua ya pili nikaikodisha kwa mwenzangu, ya tatu, ya nne, mwishowe nilikuwa nazo nane na sivuti tena hata moja, nakaa mlangoni jioni napokea. Watu waliniita tajiri na mimi sikuwakatalia. Lakini pus-pus ni biashara yenye maneno mengi, mvutaji anaugua, mvutaji analewa, gurudumu linapinda mtaroni, na siku ya mvua anakuja mtu kukuambia hakupata abiria huku pumzi yake inanuka pombe hadi kwa jirani. Nikawa nawaza, kitu gani unaweza kukikodisha ambacho hakilewi na hakiendi popote? Nikajijibu mwenyewe: nyumba.

Na wakati ulikuwa wenyewe. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, Wafaransa wanaondoka maofisini mmojammoja na vijana wenyeji wanapewa viti vyao, leo huyu yuko Nosy Be, kesho kahamishiwa Mahajanga, mwaka ujao Antsiranana, na kila anayehamishwa anataka paa lisilovuja, na mshahara wake unatoka serikalini mvua inyeshe isinyeshe. Mpangaji wa namna hiyo ni bora kuliko wavutaji wanane. Nilitaka nyumba moja nzuri, kodi yake inilishe uzeeni mimi na Mama Zainaba, ili magoti yapumzike. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta, si utajiri, msinielewe vibaya.

Kwanza nilikwenda Nosy Be, niliposikia kuna nyumba inauzwa rahisi. Nikapanda meli ya mizigo, nikatapika mpaka nikafika, nikaiona: ya mbao, paa la majani, uani milangilangi imechanua, harufu yake inakufanya umpende kila mtu. Ilibaki kidogo nitoe pesa palepale. Lakini mimi nina namna yangu ya kupiga hesabu, kwa sababu kwenye tarakimu kalamu na mimi hatujawahi kusikilizana. Nina mfuko wa kokwa za ukwaju. Natandika mkeka, upande wa kulia naweka kokwa za kitakachoingia, upande wa kushoto kokwa za kitakachotoka, halafu natazama rundo lipi linanicheka.

Mpangaji aliyekuwa akikaa humo alikuwa kijana mmoja wa forodhani, jina lake Kassimu, babu yake Mngazidja kama sisi, mpole, miwani usoni. Akanikuta nimeketi ukumbini kwake na kokwa zangu. Akakaa, akatazama, akauliza kila rundo ni la nini, nikamwambia. Akanyanyua kokwa moja kulia akaihamishia kushoto. "Hii ya paa, mzee. Majani haya hubadilishwa kila baada ya masika mawili." Akahamisha nyingine, ya mchwa. Akahamisha kiganja kizima, akasema wapangaji wa huku ni watu wa mashamba ya miwa, msimu wa kukata ukiisha wanakwenda kwao, nyumba inabaki na popo mpaka msimu mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa anaondoka, kapata barua ya kuhamia Mahajanga. Nikatazama mkeka wangu, kulia zimebaki kokwa za kuhurumia. Harufu ya langilangi haikuwa na mahali pa kuwekwa.

Nikampenda kijana huyo hapohapo. Nikamwambia, kwa nini usipange kwangu Mahajanga, nina nyumba Mangarivotra, juu, penye upepo. (Nilikuwa na kiwanja na kuta zilizofika kiunoni, lakini mtu wa biashara anaziona kuta zikiwa zimekwisha.) Akafurahi, akasema ana mke, mke ni mjamzito, angependa nyumba yenye kitanda kabisa maana chake kimeliwa na mchwa. Nikamwambia kitanda kipo. Akanilipa kodi ya miezi mitatu mbele, na nilipotoka hapo nikaenda kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akifunga duka lake, nikanunua kitanda kikubwa cha nguzo nne za kuchonga, nikaacha maagizo kije kwa meli. Nyumba yenye kitanda ina kodi kubwa kuliko isiyo nacho. Hayo niliyajua bila shule.

Nikarudi Mahajanga, nikauza pus-pus sita nikabakiza mbili, nikanunua mabati na saruji. Na hapo ndipo nilipofanya kile kidogo kilichoniangusha: sikumwambia mtu kwamba nyumba ni ya kupangisha. Hata mke wangu. Niliona ni akili. Kwetu ukisema una nyumba ya kupangisha, hujamaliza sentensi binamu amekwisha fika na mkeka wake, anasema atakaa siku mbili tu mpaka apate kazi, na kazi haimpati, na kumdai kodi binamu ni kutangaza kwamba umekufa moyo. Hasara ya namna hiyo naiogopa kuliko kimbunga. Kimbunga angalau huondoka. Kwa hiyo aliyeniuliza nilimwambia mambo yangu niachie.

Sasa ninyi wa Unguja labda hamjui, sisi Wangazidja nyumba si ya mwanamume. Mwanamume anajenga, lakini wenye nyumba ni mke na mabinti. Binti mkubwa anajengewa yake, inapakwa chokaa, inaingizwa kitanda, ndipo mume anakuja kuingia humo kama mgeni. Mimi mwenyewe nyumba niliyokuwa nalala Tanambao ilikuwa ya Mama Zainaba, kapewa na babake, na siku tukigombana nilikuwa najua nani atatoka na mto wake. Haya yote niliyajua. Niliyajua kama mtu anavyojua kwamba atakufa, yaani si jambo analoliwaza akiwa ananunua misumari.

Na nilikuwa na binti mkubwa. Zainaba. Ameshakua, anauza mukari mlangoni asubuhi, vile vikate vya mchele na nazi, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya duka la mkate.

Basi ujenzi ukaanza, na mambo yakaanza kuninyookea kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu angetia shaka. Mwashi alikuwa Bakari, ndugu wa mke wangu, mjomba wa Zainaba. Nilipomtajia malipo akaniambia, "Shemeji, kwa kazi hii mimi nilipwe? Unanitukana." Nikasema moyoni, kumbe ananiheshimu mtu huyu. Wanawake wa upande wa mke wangu wakaanza kubeba maji na mchanga, kichwani, wanaimba. Vijana wa Tanambao wakaja Jumapili wakapiga mabati, hawakutaka hata chai. Bi Mwanaesha, dada mkubwa wa mke wangu, mwanamke ambaye kwa miaka yote hakuwahi kunipa hata ndimu, akaleta mlango wa mbao ngumu alioutunza tangu baba yao alipokufa. Kila jioni natoa mfuko wa kokwa, nahamisha za kushoto kuzipeleka kulia, nacheka peke yangu. Hakuna mtu katika mji huu, nilijiambia, anayejua kujenga kwa gharama ndogo kama mimi.

Nyumbani ndiyo usiseme. Mke wangu akawa ananitilia tui zito, kichwa cha samaki nawekewa mimi, mto wangu unanukia asumini. Nikasema labda nimeanza kuzeeka vizuri.

Zainaba peke yake hakufurahi. Asubuhi moja alikuja akasimama mbele yangu, mikono ina unga, akaniuliza, "Baba, hakuna unalotaka kuniambia?" Nikamwambia auze mukari wake. Akaondoka. Mama yake akasema mwache, ni haya za msichana. Haya za nini, sikuuliza. Nilikuwa nawaza rangi ya madirisha.

Kitanda kikafika siku ya Ijumaa. Nikamtuma Tombo, mvutaji wangu wa zamani, Msakalava, mwenyeji wa huku, mwenye mabega kama mlango, akichukue bandarini, na kwa kuwa nilitaka kwanza apitie nyumbani kuchukua godoro, akapita nacho Tanambao, nguzo nne zimeelekea mbinguni, saa ileile watu wanatoka msikitini. Nilikuwa nyuma yake kwa miguu. Watu wakasimama pande zote mbili. Wazee wakanijia wakanishika mkono kwa mikono miwili, mmoja akaniombea dua ndefu, mwingine akafuta jicho akasema wachache siku hizi wanaotimiza. Nikawashukuru wote. Wallahi nilidhani wanakipongeza kitanda.

Tombo aliniambia tulipofika juu, anapangusa shingo, kwamba kwao mtu akibebewa kitanda namna hii huwa amekufa au anaoa, na mimi naonekana hai. Nikamwambia afanye kazi yake.

Ikabaki siku ya mpangaji kufika. Nikamwambia mke wangu Alhamisi meli ya Nosy Be inaingia, kuna mtu atafikia Mangarivotra, nyumba ifagiliwe, maji yajazwe. Akainamisha macho, akasema, "Inshallah, Baba Zainaba, usijali chochote." Kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipooana. Nikaenda zangu bandarini na pus-pus mbili.

Kassimu akashuka kwenye meli na miwani yake, sanduku la bati, kikapu cha kuku wawili, na mkewe Rukia, kijitoto cha watu, tumbo limefika mwisho, uso una rangi ya majivu kwa kichefuchefu cha bahari. Nikampandisha yeye kwenye pus-pus ya Tombo, polepole, sanduku na kuku kwenye nyingine, mimi na Kassimu tukatembea mbele. Njiani namsifia nyumba, madirisha yanafunguka kwa nje, upepo unaingia huku unatokea kule. Tulipoanza kupanda Mangarivotra tukasikia matari yanapigwa na sauti za wanawake. Nikamwambia aniwie radhi kidogo, inaelekea jirani wana harusi.

Tukakata kona. Jirani hawakuwa na chochote. Ilikuwa kwangu.

Wanawake walikuwa wamejipanga safu mbili kutoka barabarani mpaka mlangoni, nyuso zimepakwa liwa, shiromani nyekundu, zile shuka za wanawake wa kwetu, mabegani, matari mikononi, na katikati Bi Mwanaesha kashika chupa ya marashi. Uani masufuria yanachemka. Mlango wake ule wa mbao ngumu umetundikwa maua. Walipomwona Kassimu, kijana, mgeni, kanzu safi, wakapandisha sauti mpaka kuku kwenye kikapu wakaanza kulia. Marashi yakamwagika kwenye miwani yake. Akavutwa, akapigiwa vigelegele, na yeye mpole wa watu, anapangusa miwani, ananigeukia na kuniambia, "Mzee, mbona mmejisumbua hivi? Nosy Be hatupokelewi namna hii tukipanga nyumba."

Miguu yangu ilielewa kabla ya kichwa. Nilitaka kurudi kona tuliyotoka. Lakini nyuma yangu Tombo alikuwa amekwisha simama, ameshusha mikono ya pus-pus kwa adabu, na Rukia anashuka, tumbo mbele.

Matari yakanyamaza moja baada ya jingine. Lilibaki moja tu la bibi mmoja asiyesikia vizuri, akaendelea peke yake, anatabasamu, mpaka mjukuu wake akamshika mkono.

"Shemeji," akasema Bi Mwanaesha, "huyu ni nani?"

"Ni mkewe," nikasema.

"Mke wa nani?"

"Wa huyu."

Akamtazama Rukia kuanzia ushungi mpaka viatu, akapumzika katikati. "Amemleta mke mkubwa kwenye harusi ya mke mdogo. Tena na tumbo. Hata kungoja kulimshinda?"

"Harusi gani?" nikasema. Na hapo nilikuwa najua harusi gani, lakini mdomo ulikuwa bado uko bandarini.

Mke wangu alikuwa amesimama chini ya dirisha nililolipaka rangi mwenyewe, kavaa dhahabu zake zote, na alikuwa ameshaelewa, nikaona alivyoelewa, akateremsha mkono uliokuwa na leso. Sura hiyo sijaisahau. Ningependa mnicheke kwa mengine yote, hiyo niacheni nayo.

Nikasema ni mpangaji. Bakari, mwashi wangu wa bure, akatoka uani na mwiko wa pilau mkononi, akauliza mpangaji wa nini. Nikasema wa nyumba. Nyumba ipi? Nikaionyesha kwa kidevu. Bakari akatazama viganja vyake, vilivyokuwa bado vina nyufa za chokaa, akasema taratibu, kama mtu anayesoma, "Mimi nimempakia chokaa mpangaji. Mtoto wa dada yangu hana nyumba, na mimi nimempakia chokaa mpangaji." Basi kila mmoja akaanza kutaja chake. Huyu mchanga wake. Yule maji yake, na shingo yake. Vijana misumari. Gharama zote zile zilizokuwa zikishuka zenyewe jioni kwenye mkeka wangu zikarudi kwa pamoja, zimevaa shiromani, zinanielekea. Na mimi sikuwa na la kurudisha, kodi ya Kassimu ilikuwa juu ya paa, mabati yanang'aa.

Bi Mwanaesha hakupiga kelele. Aliwageukia vijana akasema mlango wake ung'olewe, ataondoka nao sasa hivi. Nao wakaushika kweli, mmoja juu, mmoja chini, bawaba zikaanza kulia. Kassimu anauliza kwa upole kama kuna tatizo. Rukia kakaa juu ya sanduku lake la bati juani, kajishika kiuno, midomo imekauka, hakuna anayemtazama.

Ndipo Zainaba akatoka chumba cha ndani, walikokuwa wamemficha na kumfukiza udi tangu asubuhi. Msichana wa namna hiyo hatakiwi aonekane. Akatoka na liwa usoni, akapita katikati ya safu zote mbili, akaenda moja kwa moja kwa Rukia, akamwinamia, akampa maji kwa kikombe. Kisha akaja kwangu. Macho yalikuwa yamevimba, na nikafahamu kwamba hakuwa amelia leo tu. Majuma yote yale alikuwa anajua anaozwa kwa mtu ambaye hata jina lake hakuambiwa, na alikuja kuniuliza, na mimi nilimwambia auze mukari.

"Baba," akasema, na hakuinua sauti, ila kila mtu alisikia. "Nyumba hii ni yako au ni yangu? Sema mbele ya watu."

Jamani, nilitazama kila mahali. Nikatazama paa, pus-pus zangu sita zilikuwa pale juu. Nikatazama madirisha, uzee wangu ulikuwa pale. Nikamtazama mke wangu na leso yake. Vijana walikuwa wameinua mlango, wanangoja, mikono inawatetemeka kwa uzito.

"Yako," nikasema.

"Mlango urudishwe," akawaambia vijana. "Na hawa ni wageni wangu. Waingie, mama huyu akalale."

Ingekwisha hapo, wanaume wenzangu, leo ningekuwa natajwa misikitini kama mfano. Neno lilikuwa limetoka, zuri, fupi, watu walianza kuvuta pumzi, na nadhani Bi Mwanaesha mwenyewe alikuwa tayari kunitazama kama mtu. Lakini mimi nimepokea jioni mlangoni maisha yangu yote. Mdomo wangu una mazoea yake. Katika ukimya ule, mbele ya safu mbili za wanawake, mbele ya marashi na maua, binti yangu amekwisha nipa mgongo, nikasikia sauti yangu mwenyewe inauliza:

"Na kodi je?"

Aliyeanza kucheka ni Bi Mwanaesha. Alicheka mpaka akakalia sanduku la Kassimu, akacheka mpaka liwa ikapasuka mashavuni, halafu safu zote mbili, Bakari na mwiko wake, Tombo ambaye Kikomoro hakijui vizuri lakini sura yangu ilimtosha, hata mke wangu, kaziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Yule bibi asiyesikia akaona watu wamefurahi, akaanza tena tari lake. Basi wakala pilau. Ilikuwa imekwisha iva, na wapishi wa kwetu hawajui kurudisha mchele gunia. Mimi nilikula nyuma ya nyumba, na Tombo alinisogezea pande lake la nyama, jambo ambalo liliniumiza kuliko kicheko.

Kassimu na mkewe wakakaa. Mtoto wao alizaliwa katika kitanda cha Mhindi, aliyempokea ni Bi Mwanaesha, na akapewa jina alilolitaka Bi Mwanaesha. Miezi mitatu ya mbele ilipokwisha, kodi alianza kuipokea Zainaba. Alikuwa mkali kuliko mimi. Mimi nilirudi barabarani, maana pus-pus mbili hazilishi nyumba, moja nikaivuta mwenyewe, na abiria wangu wa kwanza, mama mmoja mnene wa Antanimasaja, aliniuliza katikati ya mlima kama namtoza nauli au kodi. Zainaba aliniona nikipita siku moja nimejikunja. Mwisho wa mwezi nilikuta pus-pus mpya imeegeshwa mlangoni Tanambao, na baada ya muda nyingine, na nilikuwa najua zimetoka wapi.

Alikuja kuolewa na mwalimu wa shule, aliyemchagua mwenyewe, na matari yakapigwa tena pale pale, na safari hii mimi ndiye niliyebeba maji. Kilipokuja kimbunga kikachukua nusu ya paa, asubuhi yake Bakari alikuwa juu na nyundo, na vijana wale wale, sasa wana vitambi, wakimpokeza mabati, na wanawake wanazoa tope uani. Hakuna aliyeuliza malipo. Nilitoa mfuko wangu wa kokwa siku hiyo nikakaa nao mkononi, sikujua hao niwaweke kulia au kushoto, nikaurudisha mfukoni.

Basi somo langu ni hili, na nalitoa kavukavu. Ukitaka kupangisha nyumba, hesabu paa, hesabu mchwa, hesabu miezi mitupu, hesabu kimbunga, na kabla hujakoroga saruji ya kwanza kasimame barazani useme kwa sauti nani atakayelala humo ndani. Kazi ukipewa bure, uliza kwa nini. Mwanao akija kukuuliza neno, weka chini rangi ya madirisha umjibu. Mimi nimeapa, na nimetimiza, sijajenga tena hata banda bila kutangaza mtaa mzima kwamba humu wataingia bata, si mtu, wasije wakaniletea marashi.

Mama Zainaba ametangulia, Mungu amrehemu. Siku hizi naishi Mangarivotra, chumba cha uani, madirisha yanafunguka kwa nje. Kila mwisho wa mwezi Zainaba anakuja kusimama mlangoni kwangu, mkono kiunoni, nywele zimeanza kuingia mvi, ananikazia macho na kusema, "Mzee Mbae, na kodi je?" Nami nainuka polepole, magoti yanalia, nageuza mifuko ya kanzu yangu nje, mmoja, wa pili, namwonyesha. Anaitazama yote miwili kwa makini kama mtu wa forodhani. Halafu anakwenda kuniletea chai.